Kalenda ya ukame hadi 2055 kwa kufuata madoa ya jua na mwezi: wajuzi, kuna ukweli humu?

#1 Mfugaji_Orkesumet

Habari za jioni wakuu.

Niende moja kwa moja. Mimi ni mfugaji, niko Simanjiro. Wiki mbili zilizopita alikuja kwenye kikundi chetu bwana mmoja na kompyuta yake, akatuonyesha michoro ukutani, kisha akatuuzia kijitabu, elfu kumi na tano kimoja. Ndani kuna jedwali la miaka ya ukame kuanzia sasa mpaka 2055. Anasema hesabu zake zinasimama juu ya vitu viwili: madoa ya jua, yale mabaka meusi usoni mwa jua, ambayo huongezeka na kupungua kila miaka 11, na mwezi, ambao una mzunguko wake wa miaka 18 na miezi kadhaa. Madoa yakipungua, mvua inakata. Mwezi ukifika mwisho wa mzunguko wake, huku au kule, ukame unazidi. Kwa hiyo 2030 na 2031 zimeandikwa kwa wino mwekundu, 2034 nayo nyekundu, 2043 hivyohivyo. Pembeni ameandika kwamba inaweza kuwahi au kuchelewa mwaka mmoja.

Kikundi kimegawanyika. Vijana wanataka tuchukue mkopo sasa hivi tuchimbe lambo, na 2029 tuuze nusu ya ng'ombe. Wazee wanasema Mungu hatabiriwi. Mimi 2009 nilitoka nyumbani na ng'ombe 80, nikarudi na 11. Sitanii na jambo hili. Elfu kumi na tano haiumi, mkopo ndio utakaouma.

Naomba anayeelewa aniambie: hesabu za angani zinaweza kweli kutabiri ukame miaka mitano au kumi mbele?

#2 Kiberenge

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Waje wenye falaki.

Swali dogo tu mkuu: huyo bwana yeye anafuga?

#3 Mfugaji_Orkesumet

Hafugi hata kuku.

#4 Nahodha_Mkongwe

Assalaam alaykum.

Sisi wa visiwani hatumshangai mtu anayetazama juu ili aijue mvua. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogo zilizobanana. Mwezi wa Mei hukioni tena, kimezama pamoja na jua. Mwezi wa Juni kinachomoza alfajiri upande wa mashariki. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima, na hata Wazulu na Waxhosa huko kusini kabisa wanakiita isiLimela, neno lilelile.

Baharini nako tulihesabu kwa Nairuzi, kalenda ya zamani ya mabaharia. Mwaka wa siku 365, umekatwa miongo ya siku kumi kumi, zinabaki tano. Nahodha akiujua mwongo alionao anajua kusi itashika lini na kaskazi itarudi lini. Makunduchi mpaka leo wanauoga mwaka huo kila Julai.

Lakini sikiliza mwanangu. Nyota ilitwambia msimu umefika. Haikutwambia msimu umekuja na ndoo au na kikombe. Na ile kauli ya kilimia, ukiitazama vizuri, ni mtu anayekisia msimu mmoja tu mbele. Hakuna mzee aliyekisia miaka mitano. Hata Nairuzi yenyewe inateleza siku moja kila miaka minne kwa kuwa haina mwaka mrefu, na wazee wakilijua hilo.

#5 Falaki_85

Wakuu, tusikimbilie kucheka. Jua ndilo jiko la hali ya hewa yote, jiko likipungua moto chungu kitaacha kuchemka. Hilo halihitaji digrii.

Tena ushahidi upo hapahapa kwetu. Kipimo cha maji ya Ziwa Victoria kilianza 1896. Mwaka 1923 Mwingereza mmoja wa idara ya hali ya hewa ya London, C.E.P. Brooks, alichukua namba za ziwa akaziweka juu ya namba za madoa ya jua. Mistari miwili ilikwenda sambamba kama maksai wa jembe. Madoa mengi 1906, ziwa juu. Madoa mengi 1917, ziwa juu. Madoa yakaisha kuelekea 1923, ziwa likashuka. Huo ni utafiti uliochapishwa na serikali, si maneno ya kijiweni.

Na mwaka wako wa msiba, 2009, jua lilikuwa limetoka tu chini kabisa kwa madoa, Desemba 2008. Utasema ni bahati mbaya?

Huyo mwenye kijitabu huenda ni mfanyabiashara, sawa. Lakini alichouza si uongo.

#6 Kipimamvua

Nimesoma kimya, sasa Falaki kanitoa shimoni.

Nimesoma kipimamvua Musoma miaka mingi. Kila siku saa tatu asubuhi, mvua au jua, unakwenda unamimina maji kwenye bomba la kioo, unaandika. Mimi na ziwa tunajuana. Kwa hiyo niseme kwanza: Brooks hakudanganya. Kwa miaka ile aliyokuwa nayo mkononi, 1896 mpaka 1922, mistari kweli ilikwenda pamoja. Ningekuwa mimi mwaka 1923 ningeamini.

Lakini hesabu, ndugu yangu. Miaka 26 ni mizunguko miwili na kidogo ya jua. Ukimwona mtu anapita njiani kwako mara mbili siku za Ijumaa, utaapa kwamba hupita kila Ijumaa? Muda mfupi baada ya Brooks kuchapisha, maksai wako wakaachana. Kulikuwa na waliotabiri kwa madoa kwamba nusu ya kwanza ya miaka ya 1930 Afrika itakauka kwa sababu jua lilikuwa linaelekea chini. Ikanyesha. Wataalamu wa Uingereza waliona aibu kiasi kwamba kwa miaka mingi kijana akitaja madoa ya jua na mvua kwenye sentensi moja alionekana ana kichwa kibovu.

Kisha ukaja mwaka 1961. Wazee wa ziwani wote wanaukumbuka. Mvua za vuli zile hazikuwa mvua, zilikuwa adhabu. Ziwa likaanza kupanda na halikuacha mpaka 1964, limepanda karibu mita mbili na nusu. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, pandisha mita mbili na nusu, uone ni maji kiasi gani. Magati yakazama, vijiji vikahama. Lilifika kileleni Mei 1964.

Sasa niambie Falaki, Mei 1964 jua lilikuwa wapi?

#7 Kiberenge

Ooh.

#8 Falaki_85

Mzee Kipimamvua nakuheshimu. Najua unakotaka kunipeleka. Jua lilikuwa linakwenda chini kabisa, lilifika Oktoba 1964. Nakubali, miaka ile uhusiano ulikatika.

Lakini ukarudi! Mwaka 2007 kina Curt Stager, Wamarekani, walichapisha utafiti juu ya ziwa hilihilo. Walikiri wenyewe kwamba katikati pale palivurugika, ila kuanzia 1968 kila kilele cha jua kimekuja na kilele cha ziwa, tena mvua hutangulia kama mwaka mmoja hivi. Hao ni wanasayansi wa vyuo, si wauza vijitabu.

Na si zamani: Oktoba 2024 NASA walitangaza jua limeingia kileleni kwa madoa. Mei ya mwaka huohuo Ziwa Victoria limevunja rekodi ya kupanda, Kenya na Tanzania zimezama kwa mafuriko. Hii nayo tuifanyeje?

#9 Kipimamvua

Tuifanye hivi.

Utafiti wa 2007 naujua. Ulisema vilevile kwamba kama mtindo ule ungeendelea, mvua kubwa zingekuja kabla ya kilele kinachofuata, ambacho wakati ule kilitarajiwa 2011 au 2012. Kumbuka kilichotokea: mwishoni mwa 2010 na nusu ya kwanza ya 2011 ukawa ukame mbaya kupindukia Pembe ya Afrika, Julai ikatangazwa njaa Somalia. Mvua nzuri zilikuja mwishoni mwa 2011, Dar ikafurika Desemba. Mpenda madoa atasema "nilipatia", aliyezika ng'ombe Wajir atasema "ulikosa", na wote watakuwa wanautaja mwaka mmoja. Halafu jua lenyewe likachelewa, kilele kikaja Aprili 2014. Mzunguko wa miaka 11 ni wastani tu. Umewahi kuwa miaka tisa, umewahi kuwa zaidi ya kumi na tatu. Kwa hiyo anayekuuzia kalenda ya madoa mpaka 2055 anakupa makisio juu ya makisio.

Sasa rekodi. Ziwa limefika juu kabisa mara tatu tangu kipimo kiwekwe. Mei 1964, jua chini. Mei 2020 likaivuka ile ya 1964 kwa kidole, na jua lilikuwa limefika chini kabisa Desemba 2019, miezi mitano tu nyuma. Mei 2024 likavuka tena, safari hii jua juu. Mbili chini, moja juu. Kama kijitabu kinasema jua likishuka mvua inakata, basi mafuriko makubwa mawili ya karne iliyopita na hii yalikuja siku ambazo kijitabu kingetuambia tuuze ng'ombe.

Niongeze neno kwa haki. Ziwa si kipimamvua safi. Tangu 1954 mlango wa kutokea maji umefungwa na bwawa pale Jinja, na kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka si kwa ukame peke yake bali pia kwa sababu maji mengi yalifunguliwa kuzalisha umeme. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mchoro wa ziwa na jua bila kulitaja bwawa, mshike vizuri.

#10 Udongo_wa_Chala

Naomba niingie. Nimesoma jiolojia, nyumbani Rombo, kwetu ni mwendo mfupi kutoka Ziwa Chala, lile la kwenye shimo la volkeno mpakani na Taveta.

Falaki una haki kwenye jambo moja ambalo watu wanalidharau: mizunguko ya angani kweli inaendesha ukame na mvua za Afrika. Ila si mizunguko hiyo. Dunia inayumba kama pia inayokaribia kuanguka, na kuyumba huko kunachukua kama miaka 20,000 hivi. Leo tunakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari. Miaka 11,000 iliyopita tulikuwa karibu nalo mwezi Julai, kwa hiyo kiangazi cha kaskazini kilipata joto la jua zaidi ya sasa kwa asilimia 7 au 8. Mvua za msimu zikapanda juu mpaka Sahara, Sahara ikawa na maziwa, viboko na wavuvi. Ilipogeuka, ikakauka, kama miaka 5,000 iliyopita.

Chala wametoboa tope la chini ya ziwa, miaka 25,000 imelala pale tabaka juu ya tabaka. Utafiti uliotoka 2009 ulionyesha kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, zamu za mvua na ukame zilikuja kama kila miaka 11,500, nusu ya ule mzunguko, kwa sababu jua la ikweta linapita juu yetu mara mbili kwa mwaka. Mimi niliposoma hilo nilikwenda kukaa ukingoni mwa shimo nusu siku nzima natazama maji tu.

Sasa linganisha. Kuyumba kwa dunia: asilimia 7 au 8 katika msimu mmoja. Madoa ya jua kutoka chini mpaka juu: takriban sehemu moja katika elfu, wati moja katika wati 1,361 kwa mita ya mraba. Jiko la Falaki halipungui moto. Ni kama mtu amepuliza mshumaa mmoja kwenye tanuri la matofali.

#11 Falaki_85

Mshumaa ukiwekwa pahali pake unaunguza nyumba.

#12 Udongo_wa_Chala

Kweli, na wapo wanaotafuta hilo pahali, kwa mfano hewa ya juu ambako miale ya urujuanimno hubadilika zaidi kuliko mwanga wa kawaida. Sikatai. Ila kuna tatizo la mwelekeo. Tope la Ziwa Naivasha la Kenya, utafiti wa mwaka 2000, linaeleza miaka 1,100 ya mwisho. Pale kipindi jua lilipokuwa dhaifu, kama miaka ya 1645 hadi 1715 ambapo madoa karibu yalipotea kabisa, Naivasha ilikuwa na maji mengi. Jua dhaifu, mvua nyingi. Brooks na Stager wanasema jua kali, mvua nyingi. Kijitabu kinasema jua dhaifu, ukame. Kamba hiyohiyo, huyu anaivuta mashariki, yule magharibi. Mkulima aifuate ipi?

#13 MamaNdama

Hamjambo. Mimi niko Kajiado, ng'ombe wa maziwa na mbuzi wachache. Mnaongea vizuri lakini mnaongea kama watu wa ofisini. Wacha niseme vile ilikuwa.

Kuanzia mvua za Oktoba 2020 mpaka zile za Oktoba 2022, misimu mitano imekataa mfululizo. Mitano! Mifugo zaidi ya milioni mbili imekufa kwa kaunti kavu za Kenya. Barabara ya Namanga ilinuka. Na hakuna mtu alihitaji kuangalia jua na darubini, jua lilikuwa linapanda tu kutoka chini, kama lile la 2011. Kilichokuwa kibaya ni La Niña, ile hali ya maji ya Pasifiki kupoa, imekaa miaka mitatu bila kutoka.

Na tuliambiwa! Hapo ndipo naumia. ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha kanda yetu, wako hapa Ngong, si mbali na kwangu. Mei 2022 wao na mashirika mengine walitoa tahadhari ya pamoja, misimu minne imeshindwa na ya Oktoba inaweza kushindwa pia. Jirani yangu alisikia kwa redio akauza ng'ombe saba mnadani wakiwa bado na nyama. Mimi nilingoja. Mwezi wa Novemba nilikuwa nauza ngozi.

#14 Kipimamvua

Pole sana dada. Na umenirahisishia kazi, maana nilitaka kufika hapo.

Ukitaka kujua vuli ya kwetu itakuwaje, usitazame juu, tazama baharini. Bahari ya Hindi ina mizani. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Sumatra, mvua inakuja kwetu. Upande wa Sumatra ukipata joto, mvua inabaki huko, sisi tunakula vumbi. Wenyewe wanaiita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Pasifiki nayo ina yake, El Niño maji yakipata joto na La Niña yakipoa, na mara nyingi inausukuma mzani wetu.

Rudi kwenye ile miaka. 1961, mzani umeinama upande wetu. 1997, umeinama, na El Niño kubwa juu yake; mnakumbuka barabara zilivyokatika. 2019, umeinama sana. 2023, umeinama tena na El Niño ipo, na ndiyo iliyoanza kulijaza ziwa kuelekea rekodi ya 2024 ambayo Falaki anampa jua sifa. Jua katika miaka hiyo minne lilikuwa kila pahali: linashuka, linapanda, chini kabisa, karibu na kilele. Bahari ilikuwa pahali pamoja.

Fanya vivyo hivyo kwa miaka ya ukame. 1984, jua linashuka. 2000, Kenya umeme kwa mgawo, jua kileleni. 2006, sisi bwawa la umeme la Mtera limekauka na giza nchi nzima, jua linashuka. 2009, jua chini, hiyo nakupa Falaki. 2011, linapanda. 2017, linashuka. 2021 na 2022, linapanda. Ukiona mpangilio hapo wewe una macho kuliko yangu.

#15 Falaki_85

Sawa mzee, kwenye jua nimekaa chini kidogo. Kidogo. Lakini mwezi hamjaugusa. Mwezi unavuta bahari nzima kila siku mara mbili. Wapo waliouona huo mzunguko wa miaka 18.6 kwenye mvua za Marekani na mafuriko ya Mto Nile, mtafiti Currie aliandika sana miaka ya 1980. Na Afrika Kusini mtafiti Tyson aliona mvua zao za kiangazi zinakwenda kwa zamu za karibu miaka 18. Kama ninyi wenyewe mnasema ufunguo ni bahari, na bahari inavutwa na mwezi, mbona mnaurusha?

#16 Nahodha_Mkongwe

Swali zuri hilo, na mimi nataka kulisikia jibu. Ila niseme ninachokijua mimi. Kuna miaka mwezi wa angani hupanda kaskazini mpaka mbali sana na kushuka kusini mpaka mbali. Miaka tisa baadaye hautembei vile, unabaki karibu na njia yake ya katikati. Mvuvi mtazamaji huliona hilo. Nalo hugusa bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya bahari, lakini kwa asilimia chache tu. Mtu wa nchi kavu hawezi kulijua bila kipimo.

#17 Kipimamvua

Nahodha kasema kweli. Mwezi ulikuwa kwenye hatua hiyo ya kutanuka, ya kwenda mbali kaskazini na kusini, mwaka 2006, na ukarudi 2024 na 2025. Kwa hiyo 2006 ndio mfano wetu wa karibu. Mwanzoni mwa 2006, ukame, ng'ombe wanakufa. Mwishoni mwa 2006, mafuriko, na baada yake homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu Kenya, Somalia, kisha kwetu 2007. Mwaka mmoja, mwezi mmoja angani, ukame na gharika. Mwenye kalenda angeandika rangi gani?

Wa Tyson simpingi. Afrika Kusini kweli mvua zao zimekwenda kwa zamu za miaka mingi. Lakini kuona zamu kwenye namba si sawa na kuthibitisha kwamba mwezi ndio uliozipanga. Bahari ina usahaulifu na kumbukumbu zake yenyewe, hujaa joto na kulitoa polepole. Na zamu za kusini si zetu. Mara nyingi El Niño ikitupa sisi mafuriko, wao inawapa ukame.

#18 Mfugaji_Orkesumet

Wakuu nawasoma wote, nimewasha simu kwa chaja ya jua na naona betri itaisha kabla yenu. Swali langu ni la mtu wa kawaida. Kwa nini basi yule bwana alipotuonyesha miaka iliyopita, kijitabu kilipatia mara nyingi? Tulikaa tunahesabu vidole, wazee wakatingisha vichwa. Hakuwa anadanganya miaka, tuliikumbuka wenyewe.

#19 Kipimamvua

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Chukua kalamu. Jua likiwa chini, ameweka mwaka wenyewe, mmoja kabla, mmoja baada: miaka mitatu katika kila 11. Mwezi ukiwa umetanuka, mitatu. Ukiwa umebana karibu na katikati, mitatu tena. Hiyo ni sita katika kila 18 na kidogo. Ukizichanganya, karibu nusu ya miaka yote imepakwa wino mwekundu. Upande wa pili, ninyi wa nyika za kaskazini mnakosa mvua ya maana kila baada ya miaka michache. Na ukame wenyewe haukai ndani ya mwaka mmoja: huanza na vuli ya mwaka huu ukaisha masika ya mwaka ujao, kwa hiyo unagusa miaka miwili ya kalenda. Mtu anayefunika nusu ya ubao atakosaje kupatia?

Ni kama mkeka wa kubeti ambao unaruhusiwa kuandika "timu hii itashinda au kutoka sare, leo au kesho au keshokutwa".

Na hakuwaonyesha alipokosa. Muulize 2019. Kwa hesabu zake mwenyewe 2019 na 2020 zilitakiwa ziwe nyekundu.

#20 Kiberenge

Mzee unataka kumwua mwenzio kwa njaa.

#21 Mfugaji_Orkesumet

Nimekifungua sasa hivi. Jedwali la miaka ya nyuma linaishia 2017.

#22 Udongo_wa_Chala

😂😂 Nimeanguka na kiti.

#23 Falaki_85

Hapo ametukosea hata sisi tunaoamini.

#24 MamaNdama

Sasa kaka Orkesumet, tuongee pesa. Lambo ukitaka kuchimba chimba, lakini chimba kwa sababu maji mtahitaji kila kiangazi, si kwa sababu ya 2030. Lambo halihitaji utabiri. Mkopo ndio unahitaji, maana ukipanga kulipa kwa kuuza nusu ya ng'ombe 2029, na 2029 mvua iwe nzuri, utakuwa umeuza mitamba bure wakati majirani wanaongeza.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Mwishoni mwa Agosti nangoja utabiri wa Oktoba mpaka Desemba. Ukisema mvua chini ya kawaida, sibishani: naondoa madume na wazee mnadani Septemba, nanunua marobota ya nyasi kabla bei haijapanda. Ukisema kawaida au zaidi, nabaki nao. Kwa mvua za Machi sitegemei sana, wenyewe wanasema za Machi ni ngumu. Na hawapatii kila mara, wacha niwe mkweli. Mapema 2023 walisema Machi mpaka Mei itakuwa kavu tena, na kwetu ikanyesha. Nilikuwa nimenunua nyasi. Nyasi hazikuoza, ng'ombe walikula.

Kuna pia ile bima ya mifugo inasoma ukijani wa malisho kwa setilaiti, ilianza Marsabit 2010. Sijui kwenu Simanjiro kama imefika, ulizia.

#25 Kipimamvua

Dada kamaliza. Kwetu TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hutoa utabiri wa vuli wakati uleule wa Agosti, sikiliza wa kanda yako usisikilize wa nchi nzima, maana Simanjiro si Kagera. Na jambo moja la kukusaidia kuuona mbali kidogo: La Niña ikishaingia, mara nyingi hurudi mwaka wa pili. Hiyo ndiyo pekee ninayoweza kukupa zaidi ya msimu mmoja, na hata hiyo naitoa kwa mkono unaotetemeka.

Ukiniuliza 2030 nitakuambia sina. Nimesoma kipimamvua miaka mingi na sijawahi kujua kesho yake nitakuta nini ndani.

#26 Nahodha_Mkongwe

Na kilimia?

#27 Kipimamvua

Kilimia nakiheshimu Nahodha. Kila Juni nakitafuta alfajiri. Hakijawahi kuchelewa hata siku moja, ndiyo maana hakiwezi kutabiri ukame. Ukame hauna adabu hiyo.

#28 Mfugaji_Orkesumet

Ahsanteni sana wakuu, dada wa Kajiado Mungu akubariki. Jana tumekaa kikundi. Lambo tunachimba dogo kwa nguvu zetu, mkopo tumeuacha. Na nimempigia yule bwana simu mbele ya wote, spika wazi. Nikamuuliza Mei 1964 na Mei 2020. Kimya. Nikamuuliza kwa nini jedwali linaishia 2017. Akasema anaandaa toleo la pili.

#29 Kiberenge

Toleo la pili bei gani?

#30 Mfugaji_Orkesumet

Elfu ishirini.